Mtambo wa majitaka unatoa maji machafu? Kabla hujaomba mtambo mpya fanya hivi

Mji ukikua inafika siku mtambo wa majitaka unaanza kutoa maji rangi ya chai, harufu imezidi, povu la kahawia limefunika tanki, na hapo ndo utaisikia ile sentensi ambayo kila mtu anaikubali bila kuuliza: mtambo umezidiwa. Inawezekana kweli umezidiwa. Ila mimi nimekaa na haya matanki muda wa kutosha, na mara nyingi anayesema umezidiwa hajapima kitu, yaani hajui maji mangapi yanaingia, hajui tope lake (lile lenye bakteria wanaosafisha maji) lina umri gani, anaangalia rangi tu. Mtambo mpya ukijengwa na watu hao hao wasiopima, baada ya muda unarudi pale pale.

Kwa hiyo haya ni maelezo ya mtu ambaye mtambo tayari anao. Vifaa vya kuanzia ni saa, rula, silinda ya lita moja inayoonesha ndani, na daftari. Maabara itakuja baadaye.

Anza saa tisa usiku

Ndiyo, usiku. Maji yanayoingia mtamboni yanapanda asubuhi watu wakioga na kufua, yanashuka mchana, yanapanda tena jioni, alafu usiku wa manane yanabaki kidogo sana. Sasa ukikuta saa tisa usiku yanaingia kama nusu ya yale ya mchana, hayo sio ya watu, hayo ni maji ya ardhini yanayopenya kwenye mabomba yaliyopasuka na chemba zilizoachia (uliza kwanza kama kuna kiwanda kinafanya zamu ya usiku, na kama mabomba ni marefu sana sogeza saa mbele kidogo sababu maji yanachelewa njiani). Maji hayo ni mepesi, hayana chakula cha bakteria, yanakuja tu kujaza matanki yako na kusukuma tope nje kabla halijatulia. Hapo hata ukiongeza tanki unaongeza tanki la kusafishia maji ya ardhini.

Huna mita ya kupimia? Weka ubao wenye mkato wa V wa nyuzi 90 kwenye mfereji, bora baada ya chujio la vyuma ili takataka zisinase. Pima kimo cha maji kutoka ncha ya chini ya V kwenda juu, ila usipimie pale pale kwenye mkato, rudi nyuma kidogo ambako maji yametulia. Kimo kiwe kwa mita, kipandishe kipeo cha 2.5, zidisha kwa 1.4, unapata mita za ujazo kwa sekunde. Kimo cha sentimita 20 kinakupa kama lita 25 kwa sekunde. Fanya hivyo kila saa kwa saa 24, siku ya jua, alafu rudia siku ya mvua kubwa.

Siku ya mvua ndo utashangaa. Mtiririko ukiruka mara kadhaa ndani ya saa moja, kuna mahali maji ya mvua yameunganishwa na bomba la majitaka, mara nyingi ni gata za paa au mifuniko ya chemba iliyo chini kuliko barabara. Njia rahisi ya kuwapata ni moshi: unapulizwa moshi usio na madhara ndani ya chemba, na unapotokea kwenye gata la nyumba ya mtu jibu umeshalipata, huna haja ya kuuliza. Kwenye miji ya zamani iliyojengwa bomba moja la mvua na choo kwa pamoja ni kazi nyingine kabisa. London walijenga hivyo kina Joseph Bazalgette baada ya ule uvundo mkubwa wa 1858, wakati wao lilikuwa jambo la maana sana, ila mji ulivyokua mvua kidogo tu mabomba yanafurika mtoni, mpaka wamelazimika kuchimba handaki la kilomita 25 la kudaka mafuriko hayo, limekamilika 2025. Kama mtaa mpya unajengwa kwenu mwaka huu, tenganisha mabomba sasa.

Mzigo, sio maji tu

Ukishajua wingi wa maji tafuta uchafu uliomo. Kosa la kawaida ni kuchota chupa moja saa nne asubuhi na kuipeleka maabara. Chupa hiyo inakwambia habari za saa nne asubuhi tu. Chota kila saa au kila masaa mawili kwa siku nzima, changanya kwa uwiano wa mtiririko wa wakati huo, hiyo ndo sampuli. Hifadhi kwenye barafu.

Kipimo cha BOD (oksijeni ambayo bakteria wanatumia kula uchafu uliomo) kinachukua siku 5, kwa hiyo jibu likija tatizo limeshaondoka au limeshakomaa. COD (oksijeni ya kuunguza uchafu wote kwa kemikali) inachukua kama masaa 3 hivi, tumia hiyo kwa kazi za kila siku na BOD kwa kuhakiki. Majitaka ya majumbani COD huwa kama mara mbili ya BOD. Ikifika mara tatu, nne, kuna kiwanda mahali kinamwaga kitu ambacho bakteria hawawezi kukila, na hapo nenda kufungua chemba moja moja ukirudi juu mpaka umkute. Kumkamata huyo mmoja na kumlazimisha atibu maji yake mwenyewe kabla hajaunganisha kunaweza kukusaidia kuliko chochote utakachojenga.

Hesabu ya mzigo ni rahisi: miligramu kwa lita zidisha kwa mita za ujazo kwa siku, gawa kwa 1,000, unapata kilo kwa siku. Mita za ujazo 10,000 zenye BOD 300 ni kilo 3,000. Sheria za Ulaya zinahesabu gramu 60 za BOD kwa mtu kwa siku, sehemu nyingine watu wanatoa pungufu ya hapo, kwa hiyo kilo 3,000 ni kama watu 50,000. Linganisha na namba iliyoandikwa kwenye michoro ya mtambo. Ukikuta mzigo uko chini ya ule wa usanifu na bado maji yanatoka machafu, mtambo haujazidiwa, unaumwa. Endelea kusoma.

Chujio na mchanga, haraka haraka

Chujio la vyuma lisafishwe kila zamu, likiziba maji yanapita juu na nguo zote zinakwenda kuvaa pampu. Mfereji wa mchanga uwe na kasi ya kama mita 0.3 kwa sekunde, ikiwa polepole zaidi ya hapo kinyesi nacho kinashuka na mchanga unanuka, ikiwa kasi zaidi mchanga unapita na kwenda kukaa chini ya tanki la hewa (lile ambalo majitaka yanapulizwa hewa) ambako hautauona mpaka tanki limepungua ujazo. Mafuta ya kupikia na vitambaa vya kujipangusia (vile vya unyevu, hata vikiandikwa vinayeyuka) vizuie huko huko mjini. 2017 kule Whitechapel, London, walikuta donge la mafuta na vitambaa la mita 250, tani kama 130, ndani ya bomba. Wakalikata kwa majembe na maji ya presha, wiki na wiki.

Alafu kabla hujaingia popote kufuata kitu kilichoziba, nisikilize hapa. Gesi ya haidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya yai viza, ikiwa kidogo unaisikia, ikiongezeka pua inakufa ganzi na unadhani imeisha. Ni nzito kuliko hewa, inakaa chini kwenye chemba inakusubiri. Usishuke bila kipima gesi, bila mkanda wenye kamba, bila mtu juu. Na mwenzako akianguka ndani USIMFUATE, mvute kwa kamba. Ajali za chemba huwa zinaua watu wawili watatu kwa pamoja sababu hiyo tu, kila mmoja anashuka kumwokoa aliyetangulia.

Tope ndo wafanyakazi wako

Hapa ndo penyewe. 1914 kule Manchester, Edward Ardern na William Lockett walikuwa wanapuliza hewa kwenye majitaka ndani ya chupa. Mara ya kwanza ilichukua kama wiki tano maji kukamilika kusafika. Wao badala ya kumwaga kila kitu na kuanza upya walimwaga maji ya juu tu wakaliacha tope chini, wakaongeza majitaka mapya juu yake, wakarudia, wakarudia, na muda ukashuka mpaka ukawa wa masaa. Tope lile lilikuwa bakteria hai waliozoea kazi. Mitambo mingi ya mijini mpaka leo inafanya hicho hicho: tanki la hewa, tanki la kutuamisha, tope linarudi mwanzo kuendelea na kazi, na ziada inatolewa.

Sasa hiyo ziada inayotolewa ndo mahali ambapo mitambo mingi inakufia. Tope linazaliana kila siku. Usipolitoa linajaa, linazeeka, linakosa hewa, mwisho linajitoa lenyewe kupitia mdomo wa tanki la mwisho kwenda mtoni, na wewe unasema umezidiwa. Niliwahi kukaa kwenye mtambo mmoja ambao kila mvua ilikuwa inamwaga tope mtoni, watu wakaandika ripoti nene kuomba tanki la tatu. Tulipofuatilia tukakuta pampu ya kutoa tope haijawashwa wiki kadhaa. Kwa nini? Vitanda vya kukaushia tope vilikuwa vimejaa. Kwa nini vimejaa? Gari la kubeba tope kavu lilikuwa bovu. Yaani mto wote ulichafuka kwa sababu ya gari.

Kupima chukua maji kutoka tanki la hewa, jaza silinda ya lita moja, weka mahali palipotulia pasipo jua, subiri dakika 30. Soma tope limefika mililita ngapi. Gawa kwa gramu za tope zilizomo kwenye lita moja (hiyo maabara itakupimia, kwa kawaida ni gramu 2 mpaka 4). Mfano tope mililita 250, gramu 2.5, jibu 100. Hiyo ndo SVI, namba ya kuonesha tope linavyoshuka. Chini ya 150 hivi tope linashuka vizuri, ikipanda juu ya 200 limeanza kuvimba.

Ila usiishie kwenye namba, kaa uangalie ile silinda, sababu inaongea:

Tope linashuka polepole sana, linabaki limevimba kama pamba, ila maji ya juu ni meupe kabisa. Hao ni bakteria wa nyuzi, wanapenda hewa kidogo, chakula kidogo, au majitaka yaliyooza njiani. Kabla hujawalaumu chukua sampuli nyingine, ichanganye nusu kwa nusu na maji safi ya kutoka mtamboni, rudia kipimo. Ikishuka vizuri ghafla, shida yako ni tope jingi mno, sio nyuzi. Kama haibadiliki sana ni nyuzi, pandisha hewa kwanza.

Tope linashuka haraka kama mchanga na maji ya juu yana vumbi vumbi. Tope limezeeka, toa zaidi.

Tope linashuka vizuri, alafu ukiliacha saa moja mbili linapanda lote juu kama keki. Hii inawachanganya watu wengi. Ni bakteria wanaogeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, vipovu vinalibeba. Maana yake tope linakaa muda mrefu mno chini ya tanki la kutuamisha, ongeza kasi ya kulirudisha.

Umri wa tope unauhesabu hivi: kilo zote za tope zilizoko kwenye tanki la hewa, gawa kwa kilo unazotoa kwa siku, na zinazotoroka na maji nazo zihesabu kwenye kutoa. Tanki la mita za ujazo 4,000 lenye kilo 3 kwa kila mita ni kilo 12,000, ukitoa kilo 1,000 kwa siku umri ni siku 12. Ukitaka kubadilisha, badilisha kidogo kidogo, kiasi unachotoa kisipande au kushuka zaidi ya asilimia 10 au 15 kwa siku, na usitegemee kuona matokeo kesho, subiri umri mzima wa tope mara mbili au tatu. Opareta asiye na subira anageuza valvu kila asubuhi na hajui lipi limefanya nini.

Hewa, na bili ya umeme

Kwenye mitambo ya namna hii kupuliza hewa peke yake kunaweza kula nusu ya umeme wote au zaidi, kwa hiyo ukisikia bili imeua mtambo anza kwenye blowa, mashine inayopuliza hewa hiyo. Lengo ni oksijeni kama miligramu 2 kwa lita ndani ya tanki. Chini ya 1 bakteria wa nyuzi wanafurahi, juu ya 3 unachoma hela. Pima mwanzo wa tanki, katikati na mwisho, na upime ile saa ya mzigo mkubwa na tena usiku, sababu blowa inayopuliza kiasi kile kile masaa 24 inakosea mara mbili: asubuhi haitoshi, usiku inazidi.

Angalia na vipovu. Difyuza (vile vifaa vya chini ya tanki vinavyotoa hewa) zikiwa nzima zinatoa vipovu vidogo vilivyosambaa kama maji yanayoanza kuchemka. Ukiona sehemu moja inachemka kama sufuria kubwa hapo imepasuka, na palipo kimya zimeziba.

Amonia nayo inakula hewa kweli kweli. Kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia inataka gramu 4.57 za oksijeni kugeuka naitreti, na inakula gramu 7.14 za alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi. Alkaliniti ikiisha pH inaanguka na kazi inasimama hata uongeze hewa kiasi gani. Sasa kuna ujanja ambao haudai ujenzi wowote mkubwa: zima hewa kwa vipindi, mfano saa moja inapuliza saa moja imezimwa, huku kichanganyio kinazunguka ili tope lisilale. Kipindi kile hakuna hewa bakteria wanavuta oksijeni kutoka kwenye naitreti, kila gramu ya naitrojeni inakurudishia kama gramu 2.86 za oksijeni na nusu ya alkaliniti uliyopoteza. Umeme unashuka, naitrojeni inashuka. Hakikisha tu difyuza zako ni za mpira unaojifunga hewa ikikatika, zile za kauri zinaweza kuziba kwa mtindo huu, na ule muda wa kuzima usiwe ule wa mzigo mkubwa.

Jambo lingine linalosahaulika ni maji yanayokamuliwa kwenye tope lililooza, yamejaa amonia vibaya. Watu wanayamwaga mwanzo wa mtambo, mara nyingi asubuhi kazi ikianza, yaani saa ile ile mji mzima unaamka. Yahifadhi kwenye tanki, yaachie polepole usiku. Mitambo mikubwa inayatibu pembeni na bakteria wa anamoksi, ambao wanageuza amonia kuwa gesi kwa hewa kidogo sana, ila hao wanakua polepole mno, sio wa kuanza nao.

Kama una mabwawa

Mabwawa, yale ambayo majitaka yanasafika kwa kukaa tu, hayana blowa, kwa hiyo watu wanadhani hayana kazi. Yana moja kubwa, kupima tope. Chukua mti mrefu, ufunge taulo jeupe sehemu ya chini, ushushe polepole mpaka chini ukiwa kwenye boti, uache kidogo, upandishe polepole. Pale palipochafuka ndo kina cha tope. Fanya sehemu nyingi. Bwawa la kwanza, lile la kina kirefu lisilo na hewa, likifika theluthi moja tope litoe.

Bwawa la pili likiwa kijani ni afya, ule ni mwani unatengeneza oksijeni. Likigeuka waridi au zambarau mzigo umelizidi. Na angalia njia ya maji: ikiwa mdomo wa kuingilia unatazamana na wa kutokea, maji yanakata njia ya mkato na robo tatu ya bwawa imelala tu. Rangi ya kupimia maji itakuonesha. Weka pazia za kugawa ili maji yazunguke, ni rahisi kuliko kuchimba bwawa jingine.

Klorini mwishoni nitasema sentensi moja, haisafishi maji machafu, inataka maji yaliyokwisha kutulia na dakika 15 mpaka 30 za kukaa nayo, na taa za UV za kuua vijidudu nazo haziwezi kupenya maji yenye vumbi.

Na ukikuta kweli umezidiwa

Basi umezidiwa, na sasa una daftari. Bado kuna ya kujaribu kabla ya zege. Tanki la kuhifadhi maji ya mvua ili yasipige mtambo kwa mkupuo. Kuingiza majitaka sehemu mbili tatu za tanki la hewa badala ya mwanzo tu, hiyo inapunguza tope linalofika kwenye tanki la kutuamisha siku ya mvua. Au kutumbukiza vipande vya plastiki vyenye matundu ndani ya tanki lile lile, bakteria wanajishika humo na unapata wafanyakazi wengi bila kuongeza eneo, ila uweke wavu wa kuvizuia visitoke, na hewa iongezwe, watu wanasahau hewa.

Maji yaliyotibiwa nayo usiyahesabu kama hasara. Windhoek, Namibia, wanayarudisha mpaka kwenye maji ya kunywa tangu 1968, kwa hatua nyingi sana za ziada na kwa kutenga maji ya viwandani yasichanganyike na ya majumbani. Kwako labda ni bustani au kupozea mashine za kiwanda, ila tafuta mteja kabla hujachora mtambo, sababu kiwango anachotaka yeye kitabadilisha unachojenga.

Ukiandika ombi ambatanisha grafu ya saa 24 ya jua na ya mvua, mzigo kwa kilo, umri wa tope kwa miezi kadhaa. Vitanda vya tope na gari lake viwe kwenye bajeti ile ile, sio awamu ya pili, awamu ya pili mara nyingi haiji. Na matanki uombe mawili badala ya moja kubwa, siku ya kubadilisha difyuza itabidi ulikaushe moja na maji ya mji yataendelea kuja.